Mlinda Moto Aliyeitwa Kubeba Viti

Dearborn, Michigan
29 Julai 1979

Mwanangu Abdo,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, tunafunga, na joto linatumaliza. Mused anafungua mkahawa saa ya kufuturu tu. Mchana anasinzia nyuma ya meza yake, na mteja akigonga mlango anamtukana kwa upole, kwa kuwa amefunga. Goti langu linauma kama kawaida. Barua ya kijijini ilifika Alhamisi. Mvua imeshuka Ibb nzima, paa la jikoni limezibwa, mkeo Sabah anakusalimu, na mwanao mkubwa ameng'oka meno mawili na sasa anajiona mzee.

Nikimaliza salamu, niruhusu nigombe.

Jumatatu Mused aliingia na gazeti akalitandaza juu ya meza yangu. "Hizam," akasema, "huyu mwenye uso wa mkaa si kijana wako?" Nikavaa miwani. Nikakuona umesimama kwenye sitaha ya Orville Stanhope, mweusi kwa masizi, blanketi la maua mabegani, na jina zima chini: Abdo Hizam Saleh, shujaa wa moto wa Ziwa Huron. Mkahawa wote ukashangilia. Qaid kinyozi akanibusu kichwani. Mimi nililikunja gazeti nikalitia mfukoni.

Ulipopanda meli ya kwanza nilikufundisha mambo matatu tu. Usigombane na mpishi. Usicheze karata na watu wa chumba cha injini. Usipigwe picha. Mawili ya kwanza hata mtoto angeyaweza. La tatu ndilo lililokuwa na maana, nalo ndilo ulilolivunja, tena ukavaa na blanketi la maua!

Alhamdulillahi uko hai. Hilo nimelisema kwa Mungu na sasa nalisema kwako. Gazeti linasema msaidizi wa nahodha, Bwana Renner, aliwaongoza vizuri, na kwamba moto aliuwasha mzee mmoja, Kowalik, aliyekuwa analehemu chini bila ruhusa na bila mlinda moto, naye sasa yuko hospitali. Linasema pia kampuni itakuvisha nishani mwezi wa kumi, wewe na mpishi. Sawa. Vaa nishani, sema asante, teremka jukwaani. Wakikuletea karatasi ya kutia saini, itie. Usiongeze neno.

Nampa mtu wa mashua ya barua mkate wa mke wa Mused. Meli yenu mpya ikipita Detroit na mashua ikisogea ubavuni, vuteni ndoo ya barua kwa adabu, mara ya mwisho mlimwaga nusu mtoni.

Baba yako,
Hizam

*

Ndani ya Eleanor Prentiss, Duluth
6 Agosti 1979

Kwa Ami Hizam,

Waalaykum salaam, na Ramadhani njema kwako na kwa mkahawa wote, hata Mused na matusi yake ya upole. Ndoo ilipanda salama. Mkate Odell mpishi aliukata vipande viwili na kipande kikubwa akakiweka kwake. Anasema mke wa Mused akiachika, yeye yuko tayari hata kusilimu. Nafunga, ingawa juu huku jua halina haraka ya kuzama. Odell ananiwekea chakula changu kwenye oveni na anamfokea yeyote atakayekigusa.

Naandika Ami, si Baba. Barua hii iko kwa herufi zetu na melini hakuna mwingine anayezijua, kwa hiyo hapa angalau niache niwe mtoto wa marehemu kaka yako. Tangu uliponipokea uwanja wa ndege mwaka 1963, na karatasi za mwanao mfukoni mwangu, nimeitikia jina la Abdo kwa kila mzungu aliyelitamka. Sikulalamika. Lakini gazeti limesema uongo juu ya jina hilo na sasa nalalamika.

Sikiliza ilivyokuwa.

Unajua kila kiangazi wakubwa wa kampuni hupanda meli na wake zao, wale nyama, waote jua, wajione mabaharia. Siku ile walikuwa kumi na wawili. Chini, kwenye handaki la mkanda wa kushushia makaa, lango moja lilikuwa limevunjika. Renner akamwamuru Kowalik alilehemu tukiwa safarini, kwa sababu kesho yake tulikuwa tunapakia. Kowalik akasema hafanyi bila mlinda moto. Nikapewa mimi kazi hiyo. Nilisimama nyuma yake na mpira wa maji mkononi, bomba limefunguliwa, nikitazama cheche zinavyoanguka juu ya mkanda uliojaa grisi na vumbi la makaa. Renner akachungulia toka juu.

"Abdo! Panda huku. Kuna viti ishirini vya kupeleka sitahani."

"Bwana Renner, mimi ndiye mlinda moto."

"Mlinda moto wa nini? Moto uko wapi?"

Kowalik akainua kinyago chake. "Niachie huyu, nina kazi hapa."

"Dakika kumi tu, mzee. Kina mama wamesimama."

"Basi namsubiri arudi."

"Husubiri kitu. Endelea, au kesho nitampa kazi hiyo mtu mwingine na wewe utashuka na mizigo yako."

Kowalik akanitazama. Ana miaka sitini na miwili, Ami, na miwili tu imebaki astaafu. Akashusha kinyago. Na mimi nikaulaza mpira wa maji sakafuni na kupanda ngazi. Nimeuambia mkono wangu mengi tangu siku ile.

Nilikuwa na kiti cha kumi na nne niliposikia harufu ya mpira unaoungua. Nikakitupa. Moshi ulikuwa unatoka kwenye tundu la ngazi, mzito, wa manjano. Renner alikuwa anapiga kelele kwamba handaki lifungwe. Odell akauliza, "Na mzee?" Renner akasema, "Fungeni!" Odell akamsukuma pembeni kwa tumbo, akalowesha aproni mbili, moja akanifunga usoni, tukashuka.

Mkanda ulikuwa unawaka kwa urefu wa kama nusu ya meli. Tulitambaa. Nilimkuta Kowalik hakukimbia. Alikuwa amepiga magoti kwenye mitungi ya gesi, anafunga vali kwa mikono mitupu, na vali zilikuwa za moto, nilisikia ngozi. Alifunga ya kwanza. Akafunga ya pili. Ndipo akaanguka. Ingelipuka mitungi ile, wewe ungesoma gazeti jingine. Tulimburuta hadi kwenye ngazi, wengine wakampokea, sisi tukarudi na mpira wa maji, tukakaa na ule moto saa mbili na nusu mpaka ukachoka. Nilipopanda juu mke wa mkubwa mmoja akanitupia blanketi lake, mpiga picha wa kampuni akapiga. Nilikuwa nimesimama kati ya vile viti.

Ijumaa wakili wa kampuni alikuja na karatasi. Inasema sikuwa na kazi yoyote chini siku ile, na Kowalik alianza kulehemu peke yake. Koo lake limeungua, hawezi kusema. Renner hatasema. Nimebaki mimi. Nishani inakwenda na saini, hakuficha.

Sikutia. Wachunguzi wa serikali wanakaa Cleveland tarehe 18 Septemba, na wameniita.

Wako,
Nagi bin Muthanna

*

Dearborn
14 Agosti 1979

Mwanangu Abdo,

Salaam. Wote wazima. Mke wa Mused anasema Odell amtumie picha kwanza.

Una wazimu? Nauliza kwa sababu kwa upande wa mama yako yuko mmoja aliyekuwa nao, na ulianza hivi hivi, kwa kusema kweli mbele za watu.

Ukisimama mbele ya wachunguzi, kabla hujasema neno juu ya viti watakuambia inua mkono, apa, taja jina. Utataja lipi? Ukisema Abdo, umeapa uongo kwa jina la Mungu ndani ya nyumba ya serikali. Ukisema lile jingine, kabla ya magharibi wanakufungia virago. Na mimi niliyeandika kwamba wewe ni mwanangu wa kukuzaa? Nina miaka sitini na tatu. Niliyavuka maziwa haya nikipiga koleo la makaa kabla hujazaliwa. Wanipeleke wapi? Na wale kumi na mmoja wanaokula kwa mkono wako kijijini, wale nini, ukweli?

Hukai peke yako kwenye karatasi zile. Nikiimwaga chai yangu sasa hivi hapa kwa Mused, itamlowesha mtu mwenye jina la kuazima. Wakianza kuvuta uzi wako hawataishia kwako.

Huyo Kowalik namsikitikia, Mungu ampe afya. Lakini ana chama chake cha mabaharia, ana kanisa lake, ana mji mzima wa watu wanaosema kama yeye. Wewe una nani? Umeshamtoa kwenye moto. Umelipa. Kuna mtu aliyemtoa mwenzake motoni halafu akaambiwa bado?

Tia saini ile karatasi. Na mambo ya jina usiyaguse tena kwenye barua. Yaache yalipo.

Baba yako,
Hizam

*

Ndani ya Eleanor Prentiss, Ziwa Huron
26 Agosti 1979

Kwa Ami Hizam,

Idi njema. Niliswali peke yangu nyuma ya usukani wa akiba, kisha Odell akanipikia wali na kuku akidhani ndicho chakula chetu cha sikukuu, akanitazama mpaka sahani ikawa nyeupe. Nilikumbuka bint al-sahn, mkate wetu wa sikukuu, asali inavyochuruzika. Nilikumbuka nyumbani, na hasira ikazidi.

Tulipakia Alpena, mji wa Kowalik, siku mbili. Nilikwenda hospitali. Mikono ya Kowalik imefungwa mpaka kwenye viwiko, vidole viwili tu viko nje, na mkewe Irene amemtundikia kibao cha shule shingoni. Aliponiona akaomba chaki. Akaandika polepole, herufi kama za mtoto: VITI VINGAPI?

Nikamwambia, "Kumi na nne."

Alicheka bila sauti, machozi yakamtoka kwa maumivu, na Irene akanifukuza nje ili apumue. Kwenye ukumbi akaniambia miaka thelathini na moja mumewe hajawahi kuwasha moto bila mlinda moto, na sasa kanisani watu wanakaa mbali na benchi lao, kwa kuwa nusu ya wanaume wa mji wako kwenye meli za kampuni hiyo na kila mmoja anajiuliza kama Kowalik angemuua mwanawe. "Wewe ndiye uliyemtoa," akaniambia. "Basi kwa nini husemi chochote?" Nilitazama viatu vyangu, Ami.

Unaniuliza nina nani. Nilidhani nina wewe.

Wala usinitishe na Mused na Qaid. Nitasema langu tu, na langu halina uzi wa kwenda kwao. Unalijua hilo vizuri kuliko mimi. Woga huu si wako. Ulimpiga ngumi bwana kazi wa Buffalo aliyekuita mbwa, ukakaa wiki mbili jela, na bado unaisimulia kila Idi. Kwa hiyo kuna jambo jingine, nawe unalifunika na wale kumi na mmoja.

Abdo alikuwa nani? Najua aliaga dunia mdogo. Basi. Nimelivaa jina lake miaka kumi na sita na sijui hata alikufa kwa nini. Nikimuuliza mkeo kule kijijini, ananipa chakula. Nikikuuliza wewe, unatoka nje kuvuta sigara.

Nimelichoka jina hili. Cleveland nitaapa kwa la kwangu, upende usipende.

Nagi

*

Ndani ya Eleanor Prentiss, Detroit
4 Septemba 1979

Ami,

Ndoo imepanda leo na mkate. Nimeupasua vipande vipande nikitafuta barua ndani. Hakuna. Odell ameniuliza kama mkate umenikosea nini.

Kama umenikasirikia, nitukane. Mkate sijui kuusoma.

Nagi

*

Dearborn
12 Septemba 1979

Nagi,

Sisi wazima. Joto limepungua. Mwanao ameota jino moja kati ya yale mawili. Nimeandika barua tatu kabla ya hii nikazichana, moja ilikuwa na matusi matupu na nilisikitika kuichana maana yalikuwa matusi mazuri.

Jumatano iliyopita alikuja mkahawani mtu wa kampuni, kijana nadhifu, na mpiga picha. Wanaandaa kijitabu cha sherehe ya nishani, wakataka picha ya baba wa shujaa. Wakaniweka kwenye kiti karibu na dirisha. Mused akanifungia kifungo cha juu. Yule kijana akafungua daftari, akasema, "Mzee, tuambie alivyokuwa utotoni."

Nilitaka kusema uongo wa kawaida, Mungu shahidi, ninao mwingi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni yeye. Nikasema alikuwa anaogopa majogoo. Nikasema alikuwa anaficha zabibu kavu kwenye kiatu changu ili nisiondoke, akidhani mtu hawezi kusafiri na kiatu chenye zabibu. Sijawahi kuyasema hayo kwa mtu. Na yule kijana anaandika, anaandika.

Umeuliza. Alikufa kwa homa, masika ya mwaka 1952, ana miaka minne. Mimi nilikuwa hapa, napiga koleo. Barua ilikaa njiani miezi minne. Ilinifikia Detroit kwenye ndoo, kama zako. Nilikuwa mtu wetu pekee kwenye meli ile, hakuna wa kumwambia, na zamu yangu ilikuwa inaanza, basi nikaikunja nikashuka kwenye tanuru. Nilipiga makaa mpaka bwana zamu akaniambia inatosha, meli itapasuka.

Mwaka ule walileta fomu ya serikali, taja watoto wako. Nikaandika Abdo. Sikukusudia ulaghai, wewe ulikuwa bado unakojoa kitandani na hakuna aliyekuwazia. Mkono ulikataa tu kumwacha. Mwaka uliofuata nikaandika tena. Kaka yangu alipokufa na ikabidi uje, jina lilikuwepo tayari, limekua, lina miaka kumi na mitano. Uwanja wa ndege karani akakuuliza, "Abdo?" ukaitikia. Kwa muda wa pumzi moja, Nagi, niliamini. Baada ya hapo sikujisumbua kuacha kuamini. Alijiunga na chama. Alipanda cheo. Juzi akatoka gazetini, ameokoa watu. Picha ile nimeibandika juu ya kitanda, na sikuwa nakutazama wewe. Nisamehe kwa hilo.

Kwa hiyo ulipoandika umelichoka jina, nilisikia unamzika. Ndiyo maana nilinyamaza, nikatuma mkate.

Sasa sikiliza kilichofuata. Yule kijana alipomaliza kuandika nikamuuliza, "Na mzee Kowalik anaendeleaje?" Akafunga daftari. "Huyo?" akasema. "Mpumbavu alijichoma mwenyewe. Kijana wako atatusaidia kulieleza hilo Cleveland." Akacheka. Na kwenye daftari lake mlikuwa na zabibu za mwanangu.

Damu ilinipanda hivi sijawahi. Wamemchukua mtoto wa miaka minne, mtoto anayeogopa majogoo, wanataka kumsimamisha ashuhudie uongo ili wamzike mtu mwingine akiwa hai! Nililichukua lile daftari mkononi mwake, nikachana ukurasa, nikautafuna mbele yake. Mused ni shahidi. Mpiga picha alikimbia kabla ya mwenzake.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili, mama mmoja Mlebanoni mkali kama siki. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, yeye akapiga mhuri: Abdo bin Hizam alifariki mwaka 1952. Kwamba niliyemleta ni Nagi bin Muthanna, mtoto wa kaka yangu, na kosa la karatasi ni langu, wewe ulikuwa mtoto. Wakili anasema wanaweza kuninyang'anya uraia na wewe wanaweza kukurudisha. Anasema pia wanaweza wasifanye hivyo. Anasema atapigana, na kwa sura yake namwamini. Cleveland utaapa kwa jina lako na karatasi hiyo itakuwa mezani kabla yako. Majina ya wengine sikuyagusa. Mused alininunia siku mbili, leo ameniletea chai bila kuagizwa, imejaa sukari.

Waambie viti. Kimoja kimoja.

Bahasha hii nimeiandika jina lako, kwa herufi zao, kubwa. Mtu wa mashua ya barua akapitisha kidole kwenye orodha yake akasema melini hamna mtu wa jina hili. Nikamwambia yumo, wewe pandisha ndoo.

Ami yako,
Hizam

*

Cleveland, Ohio
21 Septemba 1979

Kwa Ami yangu Hizam,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, goti lako naliulizia, na mwambie Mused sukari si dawa ya kila kitu. Nimefikia kwa dada yake Odell. Ana nyumba yenye ngazi mbovu na anapika mara mbili ya kakake. Jumamosi ijayo nitapanda basi kuja kwako, kwa hiyo haya mengine ungeyasikia, lakini ana kwa ana utatoka nje kuvuta sigara.

Wakili wako alikuwa ameshafika, ana begi zito kuliko yeye. Mwenyekiti wa wachunguzi alikaa na jina langu dakika ishirini. Nani alijaza, nani alijua, nilikuwa na miaka mingapi. Juu ya moto aliniuliza dakika tano. Nikasema, "Bwana, umemaliza kuniuliza mimi ni nani, sasa niulize nilikuwa wapi." Wakili akanikanyaga mguu, lakini mwenyekiti akauliza.

Nikawaambia. Ngazi, mpira wa maji niliouweka mimi mwenyewe chini, viti kumi na vinne, mama aliyesimama akisubiri cha kwake. Renner alisema mtu anayedanganya jina lake atadanganya na viti. Hapo Irene akasukuma kiti cha magurudumu mpaka mbele. Kowalik aliandika, chumba kizima kikasikiliza chaki: ALIKUWA NA MPIRA WA MAJI. RENNER ALIMWITA. Odell akaapa baada yake, akasimulia na lile tumbo. Jana mwenyekiti ametamka Kowalik hana kosa, iandikwe hivyo. Renner wamemsimamisha. Irene alinishika uso kwa mikono miwili kama mama, halafu akalia, halafu akauliza kama nimekula.

Kampuni imefuta nishani. Wameandika kwamba hapakuwa na mfanyakazi wa jina hilo. Mimi pia wamenishusha melini, na karatasi zangu ziko kwa serikali mpaka tarehe 9 Novemba. Sijui watanifanya nini. Bado nina hasira, Ami. Nina hasira na kila kiti.

Jambo moja nimeliacha mwisho. Barua yako ilipanda Jumamosi iliyopita. Unajua tunavyofanya: mtu anamimina ndoo juu ya kifuniko cha ghala, anasoma majina, kila mmoja anachukua yake. Akasoma ya Odell. Akasoma za wengine. Kisha akashika bahasha yako akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga.

"Nagi Muthanna," akasema. "Nani huyo? Kuna mtu kama huyo hapa?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema irudishwe ndooni, mashua bado ilikuwa chini yetu, mtu wake ameinua uso anasubiri.

Nikainua mkono.

Nagi